Bango la mlangoni na kamera iliyo chini yake

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema picha za watu wa kila rangi na jinsia zikibandikwa ofisini, wafanyakazi hujiona wamekaribishwa na hufunguka zaidi. Nakubali, ila mashine nazo zikubaliane na hizo picha. Pale nilipokuwa nafanya kazi, mlangoni palikuwa na bango kubwa la nyuso zinazotabasamu, na chini yake kamera ya kutambua sura. Mwenzangu mmoja, dada mweusi tii, kila asubuhi alisimama pale kamera isimtambue, anasogea, anavua miwani, anarudia, huku foleni inamsubiri nyuma. Baada ya wiki chache akawa anawahi kabla watu hawajafika, na vikaoni akanyamaza kabisa. Iliniuma sana. Na si yeye peke yake: mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazobaini jinsia ya mtu kwa sura yake, makosa kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Jamani waajiri, kabla ya kununua mtambo ujaribuni kwa nyuso za wafanyakazi wenu wote, na daftari la kusaini libaki pale pale mlangoni.