Fomu ya mkopo, mtu wa steshenari na meza ya maktaba

Wazo la maktaba za umma kufundisha kompyuta na intaneti likitajwa tu, jibu hutoka haraka. Vijana wana simu. Steshenari, maduka ya kuchapa na kujaziwa fomu, ziko kila kona. Vyuo vya kompyuta vipo mpaka wilayani. Maktaba zenyewe zinalia kukosa vitabu vipya, halafu mkutubi aache kazi yake akamfundishe mtu kushika kipanya?

Hoja hiyo ina uzito, na watetezi wa kompyuta maktabani huwa wanaipita juu juu. Nitaifikia. Ila inachukulia kwamba kinachowashinda watu ni mashine, na hapo ndipo inapoanza kuyumba.

Wanaoishikilia hupenda takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Mwaka 2022 laini zinazotumia intaneti zilivuka milioni 30, katika nchi ambayo Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120. Ukipiga hesabu ya haraka utasema nusu ya nchi ilikuwa mtandaoni, na watoto wachanga wamo humo. Lakini kinachohesabiwa ni laini, na Mtanzania mwenye laini mbili au tatu si mtu wa kutafuta kwa tochi. Tena laini ya anayetazama video za WhatsApp inahesabiwa sawa na ya anayewasilisha ritani za kodi. Takwimu hiyo inatuambia bando limenunuliwa. Haituambii mwenye bando anaweza kufanya nini nalo siku serikali inapomtaka afanye jambo.

Na serikali inamtaka afanye mengi. Chukua mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki unaombwa mtandaoni. Anafungua akaunti Bodi ya Mikopo kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, anapata namba ya malipo, analipa ada ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa Sh30,000, anajaza fomu, anaichapa, anaipeleka serikali ya mtaa na kwa wakili igongwe mihuri, anaiskani, anaipakia tena. Wakati huohuo anatafuta chuo. Tangu 2017, maombi yalipoacha kupitia mfumo wa pamoja wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kila chuo kina mfumo wake, akaunti yake na nywila yake. Akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe iliyojazwa wakati wa kuomba.

Barua pepe ya nani? Hapa inabidi tukae kidogo.

Siku za foleni ya mikopo, kijana wa steshenari hana muda wa kumuuliza kila mteja anataka nywila gani. Anaandika anayoikumbuka yeye, na si ajabu ikawa hiyohiyo kwa wateja wote wa siku hiyo. Mteja hana barua pepe? Atafunguliwa moja palepale, au itawekwa ya duka mambo yaende. Analipa, anakabidhiwa karatasi zake, anaondoka akiwa ameridhika, na kusema kweli kazi aliyoilipia imefanyika. Kisha Bodi inafungua dirisha la marekebisho. Kuna ukurasa haukupakiwa, kuna sahihi ya mdhamini haionekani. Kurekebisha ni dakika chache, ila lazima uingie kwenye akaunti. Nywila ni ipi? Aliyejaza amehamia mkoa mwingine. Namba ya kurejesha nywila ni ya laini ambayo haipatikani. Dirisha lina siku ya kufungwa, na mfumo hauna sehemu ya kueleza kwamba aliyefungua akaunti hii ni mtu wa steshenari. Si kwamba huyu mwombaji amenyimwa mkopo kwa kuwa ana uwezo wa kujilipia. Amebaki nje ya akaunti yenye jina lake.

Habari haiishii kwenye mkopo. Akimaliza chuo atafungua Ajira Portal kuomba kazi serikalini, atatafuta TIN, namba ya mlipakodi, atarudi RITA kwa cheti cha mtoto wake. Kila mara anaanza upya kwa mtu mwingine, na kila mara anaacha nyuma nakala ya vyeti vyake na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ndani ya folda kwenye kompyuta asiyoijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa haki juu ya taarifa hizo. Ataidaije, ikiwa hajui zimebaki wapi?

Msomaji asidhani ninamfanya mtu wa steshenari kuwa mhalifu. Ofisi zilipohamisha fomu mtandaoni zilifunga madirisha yao ya karatasi, na yeye ndiye aliyewapokea watu waliobaki nje. Yuko wazi mpaka usiku, printa yake ina wino, na anajua mwaka huu fomu imebadilika ukurasa gani, pengine kuliko ofisa wa ofisi husika. Lakini analipwa kwa kujaza. Akikaa dakika arobaini na mteja mmoja kumfundisha, foleni inahamia duka la jirani, na mteja aliyeelewa hatarudi mwakani. Mkutubi hapati senti kwa fomu. Anaweza kumwacha mtu aandike mwenyewe, akosee, afute, aanze tena. Ofisi nyingine ya umma yenye mtu wa kuketi na mwananchi namna hiyo siijui.

Kabla ya kampeni za kisomo, mtu asiyejua kusoma alimpelekea barua yake mtoto wa shule au karani amsomee, na siri za nyumba yake zikajulikana na asiyehusika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, kisomo chenye manufaa kikaenea kutoka mikoa ya Ziwa, na hakuna aliyesema mambo hayo ni ya vyuo kwa hiyo yasiguswe kwingine. Nywila iliyo kichwani mwa mtu mwingine ni barua ya kusomewa.

Sasa upande wa pili, na hoja yao inayoniumiza ni moja. Ingia maktaba yoyote ya mkoa siku ya kazi. Wengi utakaowakuta ni wanafunzi na watahiniwa wa kujitegemea waliokuja na madaftari yao, na hata kitabu cha maktaba hawajaazima. Nyumbani ni chumba kimoja cha kupanga, redio ya jirani, na wadogo zao. Walichokifuata ni meza, mwanga na ukimya. Huko nje hakuna wa kuwapa vitu hivyo bure au kwa ada ndogo. Darasa la kompyuta ni kelele: mtu anauliza, mwingine anacheka, mkufunzi anarudia. Ukiwaondolea ukimya hao ili kumhudumia mwombaji wa mkopo, umemchukulia mnyonge mmoja ukampa mwingine.

Fedha nazo si kisingizio. Kompyuta za msaada huja na hotuba, kisha hubaki bila bando, bila fundi, bila kasma ya kuzitunza, na baada ya miaka michache zinafunikwa kitambaa. Wafadhili nao wana mwisho: taasisi ya Bill na Melinda Gates, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa teknolojia maktabani duniani, ilifunga mpango wake wa Global Libraries mwaka 2018. Saa za kufunga ni tatizo pia. Mfanyakazi wa dukani anapotoka kazini, maktaba imefungwa, steshenari iko wazi.

Ukizijumlisha hoja hizi, kinachokufa ni ule mpango wa ukumbi wenye kompyuta ishirini na cheti cha Word na Excel baada ya wiki sita. Na ufe. Hiyo ni kazi ya vyuo vya kompyuta. Kinachohitajika maktabani ni kidogo zaidi: chumba cha pembeni au baraza, watu wachache kwa zamu, kila mmoja na simu yake mwenyewe, kompyuta moja au mbili na skana. Masomo yanafuata kalenda ya maombi. Fungua barua pepe yako kwa laini yako. Tunga nywila usiyomwambia mtu, mimi mkutubi nikiwemo. Angalia anwani ya tovuti iishie go.tz kabla ya kuandika namba ya NIDA. Punguza ukubwa wa faili lisikataliwe. Toka kwenye akaunti kabla hujanyanyuka. Wazee waliopewa simu janja na watoto wao wanaweza kuanzia kwenye ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii", hapo hawatasinzia.

Walimu wapo. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba yenyewe, na kumwonyesha mtu pa kupata anachokitafuta ni kazi ya mkutubi tangu Mwalimu Nyerere afungue Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, Desemba 9, 1967.

Kinachobaki ni nani alipe. Bodi ya Mikopo na Bodi ya Huduma za Maktaba ziko chini ya wizara moja, ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kila mwombaji wa mkopo analipa ile Sh30,000 na haimrudii hata akikosa. Sehemu ndogo yake ikatwe kulipia intaneti ya maktaba za mikoa na posho ya mkutubi anayebaki hadi saa mbili usiku, kwa miezi ya dirisha la maombi tu. Wanaosema bajeti haipo waianzie hesabu yao hapo.