Sinki langu lilipoomba kuondoka

Najua mmeshaiona. Ile video ya sekunde kumi na moja, yenye makalio na miguu miwili ikitokeza kwenye kabati la jikoni, na sauti inayosema "usinicheke, shika!" Ni mimi. Makalio ni yangu, siyakani. Lakini aliyeisambaza amekata mwanzo, akakata na mwisho, halafu akaandika eti nalia. Jamani, lile lilikuwa povu la sabuni. Ngojeni niwape habari nzima, na mgongo bado unauma.

Kwanza mjue sikukurupuka. Sinki lile nililitafuta mwezi mzima, sumaku mfukoni. Watu hudhani sumaku ikinasa basi hicho ndicho chuma cha maana. Kwenye masinki ya stenlesi ni kinyume: daraja la 304, lenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, sumaku huteleza, au hushika kidogo tu penye mikunjo. Lile la 430 lisilo na nikeli hunasa paa, na kutu hulizoea mapema. Tena geji inahesabiwa kinyumenyume, namba ndogo ndiyo bati nene. Kijana wa dukani aliponiambia "chukua geji 22, ni kubwa kuliko 16," nilimcheka. Nilicheka mpaka wateja wengine wakageuka. Kicheko kile kiwekeni akiba, nitakihitaji mbele.

Nikachukua la geji 16, urefu sentimita 70, upana 40, kina 23. Ni lile la kufungwa kwa chini ya kaunta ya jiwe, lisilo na mdomo wa kukalia juu, ili ukipangusa kaunta makombo yaingie moja kwa moja. Na kabla hata halijafungwa, nilishabandika ukutani karatasi ya sheria: nyuzi za chuma marufuku, zinaacha chembe zinazoota kutu, klorini isilale humo, inakula chuma vitundu vitundu, sponji laini, suuza, kausha kwa kitambaa. Mke wangu aliisoma yote, akauliza, "Na nani atalifunga?"

Mimi, nani tena.

Ndani ya boksi mlikuwa na kipakiti cha vibanio vinane na skrubu zake. Nikajua hivyo ni vipuri vya akiba. (Msianze. Nimeshasemwa vya kutosha.) Nikavitia kwenye droo, nikapaka gundi ya silikoni ukingo mzima, nikalisukuma sinki juu, nikaliwekea ndoo na vitabu chini lisimame. Baada ya saa tatu nikagusa kwa kidole: kavu. Nikatoa vitabu. Kumbe silikoni hukauka kuanzia nje kwenda ndani, inavuta unyevu wa hewani pole pole. Yangu ilikuwa na ngozi nje, ndani bado dawa ya meno. Kwenye tyubu wameandika saa 24. Nilikuwa sijasoma tyubu, nilikuwa nasoma karatasi yangu ukutani.

Jioni akaja yule rafiki yangu, msambazaji wenu wa habari. Sasa mtu una sinki la kina cha 23, utamwonyesha likiwa tupu? Nikatia kizibo, nikafungua koki, nikamimina na sabuni ili mambo yapendeze. Likafika robo tatu.

Nikasikia *nyiiiii*. Kasauti kembamba, kama mtu anabandua plasta taratibu kwa huruma.

Kwenye kona ya mbali, kati ya jiwe na chuma, kukatokea mstari mweusi. Nikadhani ni kivuli. Kivuli kikawa unene wa ukucha. Kikawa unene wa kidole. Maji, ambayo yalikuwa yametulia sawasawa, yakaanza kuegemea upande mmoja, na sinki likainama kwa adabu kabisa, kama mgeni anayetaka kuaga. Rafiki yangu akasema, "Kaka, ndivyo linavyotakiwa?"

Niliruka ndani ya kabati. Nikasukuma kwa viganja, likanishinda. Nikageuka, nikapiga magoti, nikalibeba kwa mgongo. Hesabu nimekuja kuifanya baadaye kitandani: lita 48, yaani kilo 48 za maji peke yake, chuma hujakihesabu. "Shika!" nikapiga kelele. Alikuwa ameshika, ila simu.

"Basi toa kizibo!"

Wadau, neno lile likiwa linatoka mdomoni, ndipo jicho langu lilipoona bomba la kutolea maji. Lile la plastiki, nililolikaza kwa mkono. Sinki liliposhuka, bomba lilikuwa limechomoka na kulala pembeni. Na lile tundu lililobaki wazi lilikuwa juu ya kisogo changu. Nikafungua mdomo niseme "usi—"

*Pluk.*

Tundu la chini ni dogo, upana kama sentimita nne. Lita 48 kupita hapo hazipiti haraka. Nadhani zilichukua karibu dakika nzima, nami siwezi kusogea, maana nikisogea sinki linanifuata. Maji yaliingia kwenye kola, yakatembea uti wa mgongo, yakatokea kwenye soksi. Povu machoni. Na kule juu namsikia mtu mzima anacheka mpaka anashindwa kupumua, kicheko kile kile nilichomcheka kijana wa dukani.

Mengine ni mafupi. Fundi kaja, kauliza vibanio viko wapi, mke wangu kafungua droo bila kusema neno. Gundi mpya, vibanio vinane, na amri ya kutoligusa hadi kesho yake. Sinki halina hata mkwaruzo, geji 16 hiyo. Kabati limevimba mbao za chini. Karatasi ya ukutani imeongezewa sheria moja kwa mwandiko ambao si wangu.

Jana usiku mama mkwe kapiga simu. Kasalimia vizuri, kauliza wajukuu, kauliza kazi. Halafu kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa: "Na sinki, baba, limeamkaje?"