Taa ya Injini Tunayolipa Izimwe

Mwaka jana nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja hapa Kampala kwa sababu taa ya njano yenye umbo la injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi kwa siku nne mfululizo. Fundi alichomeka kifaa chake cha kusoma kompyuta ya gari, akakitazama kwa muda mfupi, kisha akaniuliza: "Bosi, nikuzimie taa tu, au nitoe masega kabisa?" Masega ndilo jina ambalo mafundi hukiita kifaa cha kusafishia moshi kilichoko kwenye bomba la gari. Fundi hakuuliza kama ninataka kujua taa ile inasema nini, na mimi pia sikumuuliza. Nilichagua kuzimiwa, nikalipa, nikaondoka nimeridhika. Siku ya sita, nikiwa katika foleni ya Wandegeya, taa ikawaka tena.

Ninaandika kuhusu jambo hili kwa sababu ninaamini kosa langu ni la madereva wengi wa Uganda. Tumezoea kuuliza taa itazimwaje badala ya kuuliza ni nini kilichoiwasha, na mazoea hayo yanatuharibia injini, yanatuweka hatarini barabarani, na yanachafua hewa inayovutwa na watu ambao hawana gari hata moja.

Nilipaswa kujua zaidi, kwani nilifundishwa mapema. Mjomba wangu aliendesha malori ya jeshi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani kwetu Bombo, na tulipokuwa watoto hakuwa akiwasha gari kabla hajatuhesabisha taa. Aligeuza ufunguo hadi hatua ya pili, injini ikiwa bado imelala, nasi tukataja kwa sauti: oili, betri, breki. Wakati huo tuliona ni mchezo. Sasa ninafahamu kwamba katika hatua hiyo gari hujijaribu lenyewe, na kila taa ya onyo inapaswa kuwaka kisha kuzimika injini ikishaanza kufanya kazi au baada ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hiyo inatia wasiwasi kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu inawezekana balbu imekufa, au mtu ameitoa, au ameifunika kwa utepe mweusi ili mnunuzi asiione. Anayekwenda kununua gari katika bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, iwe Nakawa au kwingineko, asikubali kukuta injini imeshawashwa kwa ajili yake. Aombe izimwe, ageuze ufunguo mwenyewe, na ahesabu.

Rangi za taa hizo zina mpangilio ambao karibu watengenezaji wote wanaufuata: kijani na buluu hutoa taarifa tu, njano inataka gari likaguliwe karibuni, na nyekundu inataka usimame mara tu utakapopata mahali salama. Katika zile nyekundu, inayodharauliwa zaidi ni ya oili. Watu wengi hudhani inapima kiasi cha oili kilichobaki, kana kwamba ni kipimo cha petroli, kwa hiyo huendelea kuendesha hadi kituo kijacho ili waongeze. Taa hiyo inahusu shinikizo. Ikiwaka injini ikiwa inazunguka, maana yake ni kwamba oili haisukumwi ipasavyo kwenda kwenye vyuma vinavyosuguana, na injini inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana. Kiasi cha oili hupimwa kwa kijiti chake, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa. Taa ya betri nayo huonyesha kwamba alteneta, mashine inayochaji betri, haichaji, na kwa kuwa katika magari mengi mkanda unaozungusha alteneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, dereva anayeiona taa ya betri anapaswa kuangalia joto la injini papo hapo.

Kuhusu joto ninaomba uvumilivu wa msomaji, maana hapa ndipo nilipokaribia kupoteza injini nzima. Magari mengi madogo yaliyoletwa kutoka Japani, Toyota Vitz yakiwemo, hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu inayowaka ikiwa imezidi joto, na kati ya hizo mbili dereva haambiwi chochote. Hata mshale unapokuwepo, katika magari mengi ya kisasa umepangwa ukae katikati kwa muda wote ambao joto liko ndani ya mipaka mipana, kisha upande kwa kasi wakati mambo yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo si busara kusubiri mshale ndipo tuanze kufikiria maji ya rejeta.

Nchi yetu pia iko juu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Katika milima ya Kabale huchemka chini zaidi ya hapo. Injini hufanya kazi karibu na joto hilohilo, na kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao hushikilia shinikizo ndani ya mfumo. Mfuniko uliochakaa ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ukishindwa kushika shinikizo, mlima mmoja mrefu unatosha kuchemsha kila kitu. Dawa maalumu ya rejeta nayo huinua kiwango cha kuchemka na huzuia kutu, kazi ambayo maji ya bomba peke yake hayawezi.

Tulikuwa tunakwenda Gulu, mjomba ameketi kando yangu, tumeshapita Luweero. Taa nyekundu ya joto iliwaka. Kabla sijapata mahali pa kuegesha ikazimika yenyewe, nami nikashukuru, nikaongeza mwendo. Mjomba akaniwekea mkono begani. "Simama, mwanangu. Taa ikizimika wakati hakuna maji yaliyoongezwa, ujue maji yamekwisha." Alikuwa sahihi, na sababu ni rahisi kuielewa ukishaelezwa: kitambuzi cha joto hupima maji yanayokigusa, na mpira wa rejeta ukipasuka na maji kumwagika, kitambuzi hubaki katika hewa na kinaweza kutoa kipimo cha chini wakati chuma cha injini kinazidi kuungua. Mpira wa chini ulikuwa umepasuka. Tulizima injini, tukakaa chini ya mwembe karibu saa nzima bila kugusa mfuniko, kwa kuwa mfuniko ukifunguliwa moto, maji yanayochemka humrukia mtu usoni. Wala hatukumimina maji baridi haraka, kwani chuma chenye joto kali kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka.

Juu ya spidi nitasema jambo moja tu. Wengi wetu hubadilisha matairi na kuweka makubwa zaidi ili gari lipite kwenye barabara za vijijini, bila kukumbuka kwamba kipimo cha mwendo huhesabu mizunguko ya magurudumu. Gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mshale unaweza kuonyesha 80 wakati gari linakwenda kasi kuliko hapo. Katika nchi ambayo ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 4,000 mwaka 2023, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Sasa nirudi kwenye taa ya njano na yale masega. Fundi huyaita masega kwa sababu, ukikata kopo lililoko kwenye bomba la moshi chini ya gari, unakuta ndani yake vitundu vingi vidogo kama sega la asali. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ya petroli ukipita humo, masega yakiwa yamepata joto la nyuzi 300 hivi au zaidi, kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, mabaki ya petroli isiyoungua huunguzwa, na oksidi za nitrojeni huvunjwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na humwua mtu akiwa usingizini. Gari lililotolewa masega na lenye bomba linalovuja chini ya viti linaweza kuwaingizia abiria gesi hiyo bila mtu yeyote kushtuka.

Kompyuta ya gari husimamia kazi hiyo kwa vitambuzi viwili vya oksijeni, kimoja kabla ya masega na kingine baada yake. Kile cha mbele hubadilikabadilika haraka. Cha nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia. Kikianza kuiga mwenendo wa kile cha mbele, kompyuta huhitimisha kwamba masega hayafanyi kazi ya kutosha, huhifadhi namba P0420, na huwasha taa. Kuifuta namba kwa kifaa hakurekebishi chochote, kwa kuwa kompyuta hurudia kipimo chake katika safari zinazofuata. Ndiyo maana taa yangu ilirudi Wandegeya. Iwapo taa hiyo inametameta badala ya kuwaka kwa utulivu, hali ni mbaya zaidi: kwa kawaida silinda mojawapo haiunguzi mafuta, petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuyachoma, na dereva anapaswa kupunguza mwendo mara moja na kutafuta fundi.

Masega hayapo kwa bahati mbaya katika magari yetu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye madini ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na mojawapo ya faida zake ilikuwa kwamba masega, ambayo huharibiwa na risasi, yangeweza kudumu. Kisha mwaka 2015 Afrika Mashariki ikahamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mwaka 2018 sheria yetu ikakataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Hatua zote hizo zinapotea bure iwapo gari linaingia likiwa na kifaa chake cha kusafishia moshi, kisha linakatwa chini ya mwembe kwa msumeno wa dakika 20, madini yakauzwa, na bomba tupu likachomelewa mahali pake. Vipimio vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vimekuwa vikionyesha kwamba chembe laini katika hewa ya Kampala ni mara kadhaa ya kiwango cha mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ninakiri kwamba mkaa, takataka zinazochomwa na vumbi la barabara vina sehemu yao. Lakini mkaa wa jirani siwezi kuuamulia. Bomba la gari langu ninaweza.

Mafundi husema masega yanaziba na kulifanya gari liwe zito. Ni kweli yanaweza kuziba, hasa injini ikila oili au ikiungua vibaya kwa muda mrefu, na yakiziba hayana budi kubadilishwa. Ila mara nyingi yanayoziba ni matokeo ya ugonjwa mwingine, na kuyatoa kunauacha ugonjwa huo uendelee. Moshi wa buluu unaonyesha oili inaungua. Mweusi, mafuta yamezidi hewa. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Masega pia huwa ya moto sana, kwa hiyo anayeegesha juu ya nyasi kavu wakati wa kiangazi, kule Nakasongola au Karamoja, anaweza kuwasha moto chini ya gari lake mwenyewe.

Simlaumu fundi peke yake. Alinipa nilichoomba, na wateja tungeanza kuuliza namba iliyosomwa, maana yake, na vipimo vilivyofanywa kabla ya kitu chochote kukatwa, mafundi wangejibu, kwa sababu wengi wao wanajua. Ningependa pia mwenye bondi alazimishwe na sheria kumwonyesha mnunuzi taa zote zikiwaka na kuzimika, na kumwandikia kama masega yamo au hayamo.

Baada ya taa kurudi nilikwenda kwa fundi mwingine, nikamwambia sitaki izimwe, ninataka aniambie inasema nini. Alitumia asubuhi nzima. Plagi moja ilikuwa imechakaa, na kwenye kiungo cha bomba, karibu na kitambuzi cha nyuma, palikuwa na ufa uliokuwa ukivuta hewa ya nje na kukipotosha kitambuzi. Alibadilisha plagi, akachomelea ufa, na masega, ambayo yangekuwa yameshauzwa kama ningekubali mara ya kwanza, yakaonekana bado ni mazima. Siku hizi kila asubuhi ninageuza ufunguo hadi hatua ya pili, ninaiona ile taa ya njano ikiwaka pamoja na wenzake, ninawasha injini, na ninasubiri izimike ndipo ninatia gia.