Umri wa ndoa: mahakama ilishaamua, sasa Tume ya Haki za Binadamu iandike nini?

Kwa ambao hawakufuatilia, ishu iko hivi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 13, inasema mwanaume anaoa akifika miaka 18, binti anaolewa na 15, na mahakama ikiombwa inaweza kuruhusu hata mwenye 14. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba binti ambaye hajafika 18 anahitaji ridhaa ya baba, baba akiwa amefariki basi mama, wote hawapo basi mlezi. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative, shirika linalotetea haki za wasichana, akaenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo kwamba ni vya kibaguzi, akashinda Julai 2016, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali ile rufaa na kuiachia serikali mwaka mmoja irekebishe, iwe 18 kwa wote. Mwaka ukapita, ikapita na mingine, na ukiuliza unaambiwa bado wadau wanatoa maoni.

Sasa mi sitaki kurudia ubishi wa kama 15 kwa 18 ni ubaguzi au sio, hilo lilishaisha. Ninachojiuliza ni kwamba tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, imo ndani ya katiba, ibara ya 129 na 130, na moja ya kazi zake ni kuishauri serikali kwenye mambo ya haki za binadamu. Ikikaa kupitia mabadiliko haya ya sheria iandike nini? Manake "pandisheni iwe 18" hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuandika, na amri ya mahakama ipo tayari.

Tuanze na upande ambao mtandaoni huwa unatukanwa bila kusikilizwa. Mwanasheria Mkuu kwenye rufaa hakusimama kutetea wazee wanaooa watoto, hoja yake ilikuwa kwamba ile tofauti ya umri iliwekwa makusudi kama maridhiano, ili mila na dini zote zipate nafasi ndani ya sheria moja. Na kihistoria hajadanganya. Kabla ya 1971 kila watu walikuwa na ndoa zao, za kimila kivyake, za Kiislamu kivyake, za kikristo na za kiserikali kivyake, serikali ikaja na pendekezo lake mwaka 1969, watu wakabishana kwelikweli, na kilichotoka ni sheria ambayo kwa wakati ule ilikuwa mbele ya nchi nyingi tu. Mke akapata haki ya mgao wa mali mliyochuma pamoja kwenye kifungu cha 114, na waliokaa pamoja miaka miwili wakaanza kudhaniwa kuwa ni mume na mke kwenye kifungu cha 160. Miaka 15 ilikuwa ndio bei ya kupata hayo mengine. Ukiisoma hivyo unaelewa kwa nini serikali inaogopa kukigusa kifungu kimoja, inaogopa mazungumzo yote ya 1971 yatafunguliwa upya.

Ila hoja ya dini peke yake ilikwama mahakamani kwa sababu ambayo watu wengi hawaijui, kwamba ipo sheria nyingine, ile ya matumizi ya sheria, inayosema wazi kuwa sheria za kimila na za Kiislamu hazitumiki kwenye jambo ambalo Sheria ya Ndoa imeshaliwekea utaratibu. Kwahiyo ukisema "dini inaruhusu" mahakama inakujibu sawa, lakini hilo jambo lilishahama toka 1971. Unaweza usipende, ila ndio sheria ilivyo.

Upande wa pili nao, yaani upande wangu, una shimo lake na sioni watu wakilisema. Tukikomaa na ubaguzi tu, kwamba mvulana 18 msichana 15 sio sawa, basi serikali ingeweza kuondoa ubaguzi kwa kuwashusha wavulana nao waoe na 15, usawa umepatikana, twendeni nyumbani. Usawa wenyewe hautupi 18. Kinachotupa 18 ni kitu kingine, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya 18, kwamba sheria ya mikataba haimruhusu mtu wa 15 kuingia mkataba wowote wa maana, hata kupiga kura haruhusiwi, halafu mkataba mzito kuliko yote anaingizwa kwa sahihi ya baba yake. Tume ikiandika ushauri ianzie hapo, kwenye haki za mtoto, isijifungie kwenye jinsia peke yake.

Na ukitaka ubaguzi kweli angalia huu ambao hausemwi. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ukimuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni jela miaka 30. Safi sana. Sasa chukua mabinti wawili wa kijiji kimoja wote wana miaka 15, mmoja alifaulu darasa la saba yuko fomu tuu, mwenzie hakufaulu yuko nyumbani anachunga wadogo zake. Wa kwanza ukimgusa unaozea gerezani, wa pili ukija na ng'ombe na ridhaa ya baba unapewa mke na cheti juu. Tena Kanuni ya Adhabu yenyewe inasema kulala na aliye chini ya 18 ni ubakaji hata akiridhia, isipokuwa kama ni mkeo na kashafika 15. Yaani kitendo kilekile, umri uleule, kinachobadilisha jinai kuwa ndoa halali ni matokeo ya mtihani na mahari. Hapa mtoto wa masikini aliyefeli ndiye sheria imemuacha nje, na huyu hata kwenye kesi ya mvulana dhidi ya msichana haonekani vizuri.

Hoja ya wapinzani inayoninyima raha ni moja tu, ile ya mimba. Takwimu za afya za taifa za 2015-16 zilionyesha asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walishazaa au walikuwa wajawazito, na za 2022 zikaonyesha 22. Imepungua ila bado ni zaidi ya mmoja kwa kila watano. Mzazi wa Tabora au Mara anakuuliza, binti yangu ana 16 kashapata mimba, kijana yuko tayari kumchukua, wewe unayetaka 18 unanipa nini badala yake? Zamani jibu lilikuwa hakuna, manake shule ilimfukuza, nyumbani ni aibu, ndoa ndio ilikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Kilichobadilika ni kwamba Novemba 2021 serikali iliruhusu wanaojifungua warudi shule kwenye mfumo rasmi, na hapo ndipo kwa maoni yangu hoja ya mimba ilipoanza kuchoka. Haijafa, kwa sababu kuruhusiwa kurudi ni jambo moja, na kupata wa kukulelea mtoto ili urudi ni jambo lingine kabisa, ila angalau sasa kuna mlango wa pili.

Halafu kuna hofu kwamba ukipandisha umri ndoa hazitaisha, zitahamia gizani. Hii sio ya kupuuza. Malawi walipitisha sheria ya 18 mwaka 2015, wakarekebisha na katiba 2017, na bado mabinti wanaolewa vijijini. Zimbabwe mahakama yao ya katiba Januari 2016 haikutoa mwaka wala miezi, ilisema kuanzia leo ni 18, na sheria yenyewe mpya ya ndoa ikaja 2022. Kwahiyo kupandisha umri ni kazi ya siku moja na kuufanya ufuatwe ni kazi nyingine ndefu. Ila hoja hiyohiyo ukiisukuma mbele inakula upande wake, kwa sababu hata hiyo 15 ya sasa haifuatwi. Ukifika pale kwa mtendaji unaona inavyokuwa, mzee kaja na binti, cheti cha kuzaliwa hakuna, kadi ya kliniki ililiwa na mchwa, kilichobaki ni mdomo wa mzee anayekwambia huyu kazaliwa ule mwaka Kikwete anarudi mara ya pili, mtendaji anapiga hesabu ya vidole, anaandika. Kesho ukiweka 18 mzee huyohuyo atakwambia kazaliwa Kikwete anaingia mara ya kwanza. Kwahiyo Tume kama inataka kuandika kitu chenye meno iiguse RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na ndoa, iseme hakuna kusajili ndoa ya mtu asiye na cheti cha kuzaliwa ambacho kilitolewa kabla ya mahari kujadiliwa, sio kinachokatwa wiki ya harusi.

Kuna na hili la kikatiba ambalo mi nalipenda sana. Ibara ya 30(5) inaruhusu mahakama badala ya kuifuta sheria mbovu papo hapo kuipa serikali muda wa kurekebisha, na katika muda huo sheria inahesabika ni halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, chochote kitakachotangulia. Muda uliisha Oktoba 2020. Kwa usomaji wangu basi vile vifungu vilishakufa na anayefungisha ndoa ya binti wa 16 kwa kuvitegemea anafungisha kwa sheria marehemu. Wapo watakaosema subiri, ukifuta kifungu cha 13 chote unabaki huna umri wa chini kabisa, hata wa wavulana, hiyo ni hatari zaidi. Ni hoja nzuri na ndiyo inayoonyesha kwa nini kuchelewa huku sio kwa kuonea huruma mila za mtu, kumemuacha msajili wa ndoa hajui asimamie wapi, na kumewaacha mabinti kwenye bahati ya kukutana na msajili aliyesoma hukumu.

Sasa Tume itasikilizwa? Watu husema ile ni tume ya ushauri tu, barua zake zinaishia kwenye droo. Kuna ukweli ndani yake, ila sio wote. Kumbukeni Nyamuma kule Serengeti, wananchi waliotolewa kwenye ardhi yao nyumba zikachomwa moto 2001, Tume ikachunguza ikawapa haki wananchi, serikali ikagoma, na mwishoe Mahakama ya Rufani 2006 ikakubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani yatekelezwe. Mlango huo upo kisheria. Shida ni kwamba Tume yenyewe mara chache inaugonga, na bajeti yake inatoka mfuko uleule wa yule inayetakiwa kumshtaki, sishangai sana.

Zanzibar ni habari nyingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara tu, visiwani ndoa nyingi zinakwenda kwa kadhi, wakati Tume inafanya kazi pande zote mbili. Kwahiyo hata Bara wakirekebisha kesho, binti wa Micheweni kule Pemba hatapata chochote, na hilo litahitaji mazungumzo na masheikh wa kule kwa lugha yao, hukumu iliyoandikwa Dar haitasaidia.

Mimi msimamo wangu ni 18 bila mlango wa mahakama, manake hicho kijimlango cha "mahakama ikiridhia" kikiachwa ndio kitakuwa barabara kuu. Ila ushauri wa Tume usipojibu kuhusu walioolewa tayari hautanishawishi. Kuna mabinti wengi wa 16 na 17 ambao leo ni wake za watu kwa vyeti halali, wana watoto, wana shamba walilolima na mume. Sheria mpya ikisema ndoa zao ni batili toka mwanzo, mume akifa kesho ndugu zake watakuja na nakala ya hiyo sheria mkononi kumwambia hukuwa mke, toka. Lazima iandikwe kwamba aliyekwisha kuolewa ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe yeye mwenyewe akitaka, bila kudaiwa ng'ombe warudi, na kwamba mgao wa mali wa kifungu cha 114, matunzo ya watoto na mirathi vinabaki kama vilivyo, awe ametoka au ameamua kukaa.