Duara la watoto wa Molinere si sanamu za watumwa
Makala yenu inasema duara la sanamu chini ya bahari huko Molinere, Grenada, nchi ya visiwa vya Karibea, ni kumbukumbu ya Waafrika waliotoswa enzi za utumwa. Nawaelewa wanaoliona hivyo. Hata mimi nilipoona picha yake mara ya kwanza kifua kilinibana. Lakini msanii mwenyewe, Jason deCaires Taylor, alishasema hakukusudia hilo. Ni watoto 26 walioshikana mikono, maumbo yao yamechukuliwa kwa watoto halisi wa pale pale. Hifadhi ya sanamu za chini ya bahari lilipo duara hilo ilifunguliwa mwaka 2006, baada ya kimbunga Ivan cha 2004 kuharibu matumbawe. Sasa nyuso zile zimeota sifongo na matumbawe, samaki wanapita katikati. Mhariri, tafadhali rekebisheni. Watoto wale wana wazazi na majina yao.