Mérida: Usiniulize duka gani ni rahisi

Kila mgeni anayehamia Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán kule kusini-mashariki mwa Mexico, huuliza swali lile lile kabla hajamaliza kufungua mabegi: ninunue wapi, wapi ni rahisi? Na kila mwenyeji ana jina la duka mdomoni. Huyu atasema Bodega Aurrera, yule Chedraui, mwenye gari atasifia Costco, na bibi wa jirani atakukata kauli kwamba nje ya soko kote ni wizi mtupu. Mimi nimeacha kujibu kwa jina la duka. Nikiulizwa siku hizi namrudishia mtu swali: unataka kununua nini, na hicho kitu kimetoka wapi? Ukijua kilikotoka, pa kukinunua patajitokeza penyewe.

Yucatán ni bamba la mawe ya chokaa. Sehemu kubwa udongo wake ni mwembamba juu ya jiwe, mito ya juu ya ardhi hakuna, maji yako chini kwenye mapango na visima vya asili. Nyanya hazipendi ardhi ya namna hii. Mkonge unaipenda sana, na sisi watu wa Tanga tungestahili kuijua nchi hii kuliko tunavyoijua: miche ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliingiza Tanganyika mwaka 1893 asili yake ni huku, ingawa ilizungukia Florida na Hamburg kabla ya kufika kwetu. Henequén, ndugu wa mkonge wetu, ndiyo iliyojenga yale majumba ya kifahari ya Paseo de Montejo ambayo watalii hupiga picha mbele yake. Mashamba yalipomezwa na katani, hata mahindi yalibidi kuagizwa kutoka nje ya jimbo. Tabia hiyo haijaisha. Mji huu unakula sana vitu vilivyopanda lori, na kutoka Mexico City hadi hapa ni kama kilomita 1,300 za lami.

Tuanze na visivyopanda lori. Katikati ya mji kuna soko la Lucas de Gálvez, na ubavuni mwake soko la San Benito. Wenye vizimba wako ndani. Nje, kando ya njia, wanakaa kina mama kutoka vijijini, wengi wamevaa hipil, lile gauni jeupe lenye maua ya kutarizi shingoni, na mbele yao kuna mafungu. Ndiyo, mafungu, kama ya kwetu: fungu la ndimu, fungu la pilipili habanero, fungu la figili, kotmiri iliyofungwa kwa uzi. Kuna madanzi, ambayo bila hayo na zingefuri hakuna kitoweo cha Kiyucatán. Kuna majani ya chaya, jamaa wa mbali wa muhogo, na kama kisamvu hayaliwi mabichi. Kuna xpelón, nazo ni kunde, kunde hasa, zilizovuka bahari kutoka Afrika na kupata uraia. Mwishoni mwa Oktoba, watu wanapowakumbuka marehemu wao katika Hanal Pixán, kila nyumba huzitafuta za kutia kwenye pib, ule mkate mnene wa mahindi na nyama unaofungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa shimoni. Wiki hiyo usitegemee nyongeza.

Vitu hivi nunua hapa na wala usipoteze muda kulinganisha. Supamaketi navyo vipo, baadhi, vimefungwa kwenye plastiki, vichache kwa bei ya vingi. Machungwa ni vivyo hivyo: mengi hutoka Oxkutzcab, kusini mwa jimbo, ambako udongo ni mwekundu na wa kina, na sokoni utayabeba kwa wingi mpaka mkono uume. Njoo na kapu. Wenyeji wanalo sabucán, kapu la katani la kuning'iniza begani, na mtu wa Tanga akiliona atacheka. Njoo mapema pia, kwa sababu ikishafika alasiri wengi wamekwisha kunja vitambaa vyao. Na tafadhali usibishane bei na mama aliyepanda basi alfajiri na ndimu zake. Hapa si Kariakoo. Mtu hutaja bei yake na hiyo ndiyo bei, kisha ukiwa mteja wake wa siku zote atakutupia pilipili mbili za juu bila kuombwa.

Sasa nyanya, vitunguu, viazi, tufaha, karoti. Hapa ndipo bibi wa jirani na mimi tunapotofautiana. Yule mwenye kizimba anayeuza nyanya za mbali hakuzilima. Alizinunua kwa mwenye jumla wa Central de Abasto, soko la jumla la mji, ambaye naye alizinunua kwa mtu, na kila mkono uliozigusa umekula chake. Minyororo mikubwa ya maduka inanunua kwa malori mazima, na zaidi ya hapo iko tayari kuuza nyanya kwa faida kiduchu, au bila faida kabisa, ili uingie dukani. Ndiyo maana kuna vita vya katikati ya wiki. Walmart wana Martes de Frescura, Chedraui wana Martimiércoles, Soriana wana Martes y Miércoles del Campo. Majina tofauti, siku zile zile, mboga zile zile. Mwenye muda akapita maduka mawili siku ya Jumanne atapata nyanya ambazo kizimba cha sokoni hakiwezi kuzifikia kwa bei. Sharti ni moja: utoke na nyanya. Kile duka lilichopoteza kwenye papai linakirudisha kwenye jibini, sabuni ya nywele na biskuti zilizopangwa usawa wa macho ya mtoto.

Nina upendeleo mmoja, wa tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi. Tangu ruzuku ilipoondolewa mwaka 1999 bei ya tortilla haipangwi na serikali, na kwenye viwanda vidogo vya mtaani kilo imeshavuka peso 20. Supamaketi huuza chini ya hapo kwa peso kadhaa, tena wanazipika pale pale dukani. Kwa karatasi, supamaketi imeshinda. Lakini zikipoa zinakakamaa kama ngozi ya ngoma, wakati za mtaani, hasa za yule anayesaga mwenyewe mahindi aliyoyachemsha na chokaa, zinakunjika mpaka kesho yake. Tofauti hiyo ya peso ninailipa kwa furaha.

Ndimu nazo zina hadithi yake. Yucatán inazilima, lakini bei yake inaamuliwa mbali. Agosti 2024 wakulima na wafungashaji wa Apatzingán, jimboni Michoacán, waligoma kuvuna kwa sababu ya magenge yaliyokuwa yakiwatoza fedha kwa nguvu. Hakuna ofa ya Jumanne inayoweza kulifuta jambo la namna hiyo.

Kuna ulinganisho mmoja unaoniudhi, wa mtu anayesema kwa kujiamini kwamba Bodega Aurrera ni rahisi kuliko Walmart. Ni kweli, mara nyingi ni rahisi. Ila mwenye mali ni yule yule. Walmart waliingia Mexico mwaka 1991 kwa ubia na wenye Aurrera, wakaanza na Sam's Club, na mwaka 1997 wakachukua hisa nyingi zaidi. Leo Bodega Aurrera, Walmart na Sam's Club ni mifuko mitatu ya suruali moja: mmoja wa mtu wa kima cha chini, mmoja wa tabaka la kati, mmoja wa mwenye friji kubwa na kadi ya uanachama. Ukihama kutoka huu kwenda ule, hukumwadhibu mtu. Desemba 2024 mamlaka ya ushindani ya Mexico iliitoza kampuni hiyo faini ya zaidi ya peso milioni 93 kwa jinsi ilivyowabana wasambazaji wake. Kampuni ikasema haikukubaliana na uamuzi huo. Mimi nalitaja kwa sababu bei ndogo kwenye rafu lazima kuna mtu amebanwa mahali, na si kila mara ni mwenye duka.

Chedraui angalau ni watu wengine. Walianza Xalapa, jimbo la Veracruz, mwaka 1920, duka la vitambaa na vikorokoro la wahamiaji kutoka Lebanon. Soriana walitoka Torreón kaskazini, nao pia kwenye vitambaa. Halafu kuna za nyumbani, za peninsula yenyewe, kama Super Akí na San Francisco de Asís, na vile viduka vya Dunosusa vilivyotapakaa mitaani. Hizi ndizo ninazozipenda kuzifuatilia, kwa sababu ndani yake utakuta recado, yaani viungo vya Kiyucatán vilivyosagwa pamoja, mbegu za maboga zilizosagwa na asali ya Yucatán kwa bei ambayo duka la kitaifa halijali kuishindania.

Serikali nayo inalinganisha. Profeco, shirika la kutetea walaji lililoanzishwa mwaka 1976, lina programu iitwayo Quién es Quién en los Precios, nani ni nani kwenye bei, inayotembelea maduka ya miji mingi, Mérida ikiwemo, na kuchapisha ilichokiona. Nenda ukaisome, ni kazi nzuri na ni bure. Tena tangu 2022 kuna makubaliano na minyororo mikubwa kuhusu kapu la bidhaa 24 za msingi, na Novemba 2024 lengo likawekwa kapu hilo lisizidi peso 910. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa peso 278.80 kwa siku. Piga hesabu: zaidi ya siku tatu za kazi kwa kapu moja. Nafuu hiyo ipo kweli, lakini ni ya mtu anayeweza kufika kwenye duka kubwa akiwa na peso 910 mkononi kwa mpigo, na akawa na jinsi ya kubeba mzigo nyumbani.

Asiye na hayo ananunua kwenye tendejón, duka la mtaani kwake. Pale bei ya kila kitu iko juu, kila mtu anajua iko juu, na bado pamejaa. Unapata mayai manne badala ya kilo (maana Mexico mayai hupimwa), mafuta kidogo, maharage ya leo tu, na ukiwa unajulikana jina lako linaandikwa kwenye daftari mpaka Jumamosi. Daftari hilo halimo kwenye takwimu ya mtu yeyote. Mtaalamu akija na jedwali akaonyesha kwamba maskini wa kusini mwa Mérida wananunua ghali kwa kutojua, nitamwomba atafute supamaketi inayokopesha maharage. OXXO, yale maduka madogo ya mnyororo mmoja, siyatetei. Yamezagaa kila kona, ni ghali na hayakopeshi. Mimi huingia kulipia bili na kutoka.

Samaki ni kalenda. Progreso, bandari ya jirani, ni mwendo mfupi kwa gari. Chewa wa hapa, mero, hafungui msimu Februari na Machi. Ni marufuku kumvua, ili azaane. Pweza ruksa ni kuanzia Agosti hadi katikati ya Desemba. Nje ya miezi hiyo, anayekuuzia "mbichi wa leo" muulize maswali. Supamaketi haina shida hiyo, kwa sababu kwenye friji yake kuna tilapia wa China na basa wa Vietnam mwaka mzima, wa bei ya chini kuliko samaki aliyevuliwa saa moja kutoka hapo. Mtu wa pwani ninasikitika kuandika hivyo, lakini ndivyo risiti inavyosema.

Kuhusu Costco nitakuwa mfupi. Wamarekani na Wakanada waliohamia Mérida wanaipenda, wanazidisha na kugawanya kwa dola, wanaona kila kitu ni bure. Hesabu yao ni sahihi kwao. Kwa familia inayopata mshahara kwa peso, kununua jibini kilo mbili ili kuokoa ni kuzika fedha ya wiki kwenye friji. Kwa mafuta ya kupikia, karanga na nepi, sawa, tafuta rafiki mwenye kadi.

Kuna gharama na faida ambazo hazina lebo. Aprili na Mei joto hupanda kupita nyuzi 40, na mtu akiniambia alichagua Chedraui badala ya soko kwa sababu ya kiyoyozi tu, nitamwelewa kabisa. Kaunta, kwenye baadhi ya maduka, kuna wazee wanaokufungia mzigo kwenye mifuko. Hawalipwi mshahara na duka. Wanaishi kwa sarafu unazowapa. Ukilinganisha bei, zihesabu na hizo sarafu humo.

Limebaki la ugali, ambalo wenzangu wa Afrika Mashariki huniuliza kuliko yote. Maseca utaikuta hata kwenye tendejón, bei poa, lakini ni unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa: ukisonga unapata donge lenye harufu ya tortilla. Kinachofanana na sembe yetu ni polenta, nayo iko rafu ya bidhaa za nje, karibu na pasta ghali, pakiti ndogo kutoka Italia. Kwa hiyo hapa, nchi iliyowapa walimwengu mahindi, ugali wangu unakuja kwa meli, na sijawahi kuuona kwenye ofa ya Jumanne.