Nimelipia Paking ya Miguu Yangu

Jamani, jana nimelipa shilingi elfu moja ya paking. Mimi! Mtu ambaye chombo cha moto pekee nilichowahi kumiliki ni jiko la mchina.

Chanzo ni ile supamaketi yetu ya Sinza kuhama. Sitaji jina, maana bado wana pointi zangu. Siku hiyo nimekwenda kununua siagi, nakuta mlango umefungwa na bango limening'inia: "Tumekusogelea zaidi!" Tumekusogelea wapi, nami nimesimama mlangoni? Nikavaa miwani nikasoma yale maandishi ya chini. Goba. Jengo lenyewe sasa wanauza vigae na masinki. Pale palipokuwa na friji la maziwa wamepanga vyoo vya kukaa, na juzi nimemkuta mama mmoja ameketi juu ya kimojawapo anapima urefu, uso mkavu, pochi mapajani. Nikamuuliza muuzaji, hivi vigae vyote vinakwenda wapi? Goba.

Si kwamba kuachwa ni kugeni kwetu. Shoprite tulikuwa nao pale Mlimani City, mwaka 2014 wakawaachia Nakumatt, wale wa kutoka Kenya ambao jina lao lilitokana na biashara ya magodoro Nakuru. Ilipofika 2017 rafu zao zikawa wazi kiasi kwamba ungeweza kutandika godoro ukalala. Game nao wakaja kufunga virago. Lakini walionitesa ni Uchumi. Walifunga maduka yao nchini Oktoba 2015, mwezi uleule wa uchaguzi mkuu. Baba mdogo akanipigia simu kutoka Singida: "Nasikia huko Dar Uchumi umefungwa?" Nikamwambia ndiyo baba, umefungwa kabisa, kufuli limepigwa na wafanyakazi wako nje. Akanyamaza kidogo. "Sasa serikali inasemaje?"

Na msinieleze kwa nini wanahama, najua. Sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na watu milioni 4.3, ile ya 2022 tukafika milioni 5.3 na ushee. Hiyo milioni iliyoongezeka haikuja kubanana Sinza chumba na sebule. Watu wamekwenda pembezoni kununua viwanja, lami ikawafuata, mwenye gari akaifuata lami, na supamaketi ikamfuata mwenye gari, kwa sababu yeye anajaza buti kwa mkupuo mmoja. Mimi nanunua mkate na dawa ya mswaki, halafu naomba risiti niangalie pointi.

Sasa hizo pointi ndizo zilizonipeleka. Nilikuwa na 1,012. Ukifikisha 1,000 unapewa hotpoti. Nimezikusanya miaka sita, na Mama Neema ameshaitengea nafasi kabatini. "Baba Neema," akaniambia, "nenda kaichukue kabla hawajahamia Bagamoyo."

Nikapanda daladala pale Simu 2000 na jogoo wa mtu miguuni mpaka Goba, kisha bodaboda. Dereva wa bodaboda akanishusha mita mia kabla ya geti: "Mzee baba, mwisho wangu hapa, pikipiki hawaziruhusu." Sawa. Nikanyoosha shati nikaenda kwa miguu.

Getini kuna kizuizi chekundu na cheupe, kimashine cha kutoa kadi, na kijana wa ulinzi aliyevaa kofia iliyomzidi.

"Shikamoo mzee. Gari?"

"Marahaba. Sina."

Akachungulia nyuma yangu. "Liko njiani?"

"Kijana wangu, sina gari. Si leo tu."

"Sasa unaingiaje?"

"Kwa miguu."

"Hili geti la magari, mzee."

"La watu liko wapi?"

Akafikiri, wala hakuwa na kejeli hata chembe. "Watu huwa wamo ndani ya magari."

Nikataka kupita pembeni. Akaniomba nisikanyage maua. Nikataka kuinama nipite chini ya kizuizi. Akasema kamera itaniona na yeye ataulizwa. Nikabonyeza kitufe cha kadi. Kimya. Nikabonyeza tena. "Mashine haikuoni, mzee," akanieleza kwa upole, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Nina kilo tisini na sita! Mashine haioni! Akachukua redio yake: "Nina mzee hapa getini, hana usafiri, ova." Redio ikakwaruza: "Amepotea?"

Wakati huo Prado jeupe limefika nyuma yangu na mama aliyemo ndani anapiga honi kana kwamba nimeolewa nyumbani kwake. Hapo kijana akapata akili. Akaniambia nisogee mbele kidogo, Prado nalo lisogee. Mashine ikaona Prado, ikatema kadi. Akaichomoa akanikabidhi mimi. Kizuizi kikanyanyuka.

"Pita sasa, mzee. Usikimbie."

Wala sikukimbia. Nikaweka mikono nyuma nikatembea katikati ya lami, Prado likinifuata polepole na taa zimewashwa, kama mgeni rasmi anayekwenda kukata utepe. Mwanamume mmoja aliyekuwa anapakia maji garini akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nyuma yetu walinzi wawili wanabishana yule mama naye atatokaje bila kadi.

Ndani kuna baridi ya kuhifadhia maiti. Nikachukua siagi, nikaenda kaunta, nikatoa kadi yangu ya pointi niliyoifunga kwenye nailoni isichubuke. Binti akaipitisha. Akaipitisha tena. Akaipangusa kwenye sketi.

"Baba, inasoma sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Pointi zako ni za tawi la Sinza. Mfumo umehama, pointi zinafuata."

"Zinafuata kwa usafiri gani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliwaambia wamwite meneja, na meneja akaja na kishikwambi, akanipa pole, akanipa fomu, na kwenye fomu kuna kipengele cha namba ya gari. Ndugu zangu, miaka sita! Kuna miezi nilinunua sabuni kwao kwa bei ya juu, na Mangi wa mtaani ananiangalia napita na mfuko wao, kwa ajili ya hotpoti. Nilitia dashi kwenye namba ya gari mpaka karatasi ikatoboka. Wakaniuzia na mfuko mbadala shilingi mia tano wa kubebea siagi moja.

Wakati wa kutoka, kibanda cha malipo. Nikampa kadi.

"Elfu moja, mzee. Nusu saa ya kwanza ni bure, umezidisha dakika kumi na nne."

"Nimeegesha nini?"

Akatazama kioo chake. "Inaonyesha Prado."

Nikalipa. Ungefanyaje? Jua la saa nane, nina siagi mkononi inaanza kubadili maumbile.

Jioni nikapita kwa Mangi kununua mkate. Hakusema kitu, ila aliuangalia ule mfuko mbadala muda mrefu. Mangi hahami. Analala humohumo dukani, ukimgongea saa tano usiku unataka kiberiti anakupa kupitia nondo, na siagi anayo. Ninyi acheni tu.

Kwenye daladala nilikuwa nawaza kiwanja changu cha Chanika. Nilikinunua 2016 nikijua mji utanifuata. Supamaketi zimekwenda Goba, upande mwingine kabisa. Nikampigia jirani wa kule anayeniangalizia, nikamuuliza kama japo lami imesogea.

"Bado mzee. Ila kuna mbuzi amefungwa kwenye bikoni yako."

"Mbuzi wa nani?"

"Hajajulikana. Ila amezaa."